Mm, Baba

Kaanaeli alikuwa fundi mzuri wa kuchomelea. Pale mtaani kwake, Ngarenaro, hakuna aliyebisha. Milango yake haikulia ikifunguliwa. Mageti yake hayakupinda. Lakini tusidanganyane, jamani. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe alilala nao chini ya mto.

Ugonjwa huo ulikuwa simu.

Akifumbua macho tu, kabla hajasali, kabla hajamsalimia mke wake, mkono ulikwenda chini ya mto. Alifungua grupu la mafundi. Alifungua grupu la ukoo, grupu la kwaya, grupu la mpira, na grupu moja ambalo hata hakukumbuka nani alimwingiza. Kisha zikaja video. Mtu ameangushwa na ng'ombe. Mtu anacheza muziki jikoni. Video moja ilivuta nyingine mpaka uji ukapoa na kufanya utando.

"Mke mwenzangu ameamkaje?" Evaresta, mke wake, alimuuliza, akiionyesha simu kwa kidevu.

"Mm," Kaanaeli alijibu.

"Nimekuuliza, mke mwenzangu ameamkaje?"

"Mm. Ndiyo."

Evaresta alicheka. Zamani alikuwa anacheka kweli. Siku hizi alicheka ili asilie mbele ya mtoto.

Mtoto wao, Evelyn, alikuwa darasa la pili. Alikuwa na maneno mengi kama watoto wote.

"Baba, jana nilisoma mbele ya darasa lote."

"Mm."

"Baba, mwalimu alinipigia makofi."

"Mm, vizuri."

Evelyn alimtazama mama yake. Kisha akasema, "Baba, nimemeza simba."

"Mm. Hongera, mama."

Evelyn hakucheka. Alichukua begi lake akaenda shule.

Hiyo "mm" ndiyo iliyomponza Kaanaeli. Na haikumponza kwa mke wala kwa mtoto kwanza. Ilimponza kwa baba yake.

*

Baba yake alikuwa Mzee Eliasi. Aliishi kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Tengeru, kwenye shamba la kahawa na migomba. Mkewe alikuwa amekufa. Kaanaeli ndiye mtoto wake pekee, naye alipanda kila Jumamosi kumsaidia kazi. Tumpe haki yake, kupanda alipanda. Mwili ulifika. Kichwa kilibaki kwenye simu.

Shamba la Mzee Eliasi lilipakana na shamba la rafiki yake, marehemu Philemoni. Katikati, upande wa chini karibu na mfereji, palikuwa na mstari wa masale. Kwa Wameru, isale si ua la kupamba nyumba. Ukiliona limepandwa mpakani, ujue watu wawili walisimama pale wakakubaliana. Mimi huku, wewe kule. Haling'olewi. Na mtu akikukosea, akakuletea jani la isale, ni vigumu sana kumkatalia msamaha.

Jumamosi moja Mzee Eliasi alimwambia mwanawe, "Nilimie pale chini karibu na mfereji. Nataka kupanda migomba mipya. Lakini masale usiyaguse. Hata moja. Umenielewa?"

Kaanaeli alikuwa na kidude cha simu sikioni. Alikuwa anasikiliza watu wanabishana kuhusu mpira.

"Mm, ndiyo baba."

Alishuka na jembe. Alilima kwa nguvu. Jembe lilikwenda, mabishano yakaendelea sikioni, naye akacheka peke yake. Mchana Mzee Eliasi alipomletea bakuli la loshoro, mahindi ya maziwa mgando, alikuta ardhi nyeusi, tupu, toka mferejini mpaka juu. Masale yalikuwa kwenye rundo la magugu, mizizi juu.

Mzee aliweka bakuli chini.

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema nilime, baba."

"Na nini kingine?"

Kaanaeli alitoa kile kidude sikioni. Alikuna kichwa. Hakukaidi, maskini. Hakusikia kabisa. Mkaidi walau amesikia.

Mzee Eliasi aliokota isale moja. Alilipangusa udongo kwa kidole.

"Haya tuliyapanda mimi na Philemoni," alisema. "Yeye hayupo. Nimebaki mimi tu ninayejua kila moja lilisimama wapi. Jumamosi ijayo nitakuonyesha, na utayarudisha kwa mkono wako mwenyewe. Na kuna jambo jingine pale chini ambalo sijawahi kukuambia. Nalo nitakuambia. Njoo na masikio."

Kaanaeli aliona aibu. Aliahidi.

*

Jumamosi ilifika. Mzee Eliasi alivaa koti lake la kanisani. Alichukua fimbo. Kwao ndivyo ilivyokuwa. Baba humtembeza mwanawe mpakani, hugusa kila alama, hutaja jina la aliyekuwapo, na mwana hurudia kwa kinywa chake mpaka amelishika.

Walianzia juu, kwenye jiwe la mpaka.

"Hapa tulisimama na Philemoni," Mzee alisema. "Rudia."

"Subiri kidogo, baba. Nakurekodi." Kaanaeli aliinua simu. "Nitasikiliza vizuri baadaye nyumbani."

"Kwa nini baadaye? Mimi nipo sasa."

"Ni vizuri zaidi hivi, baba. Haipotei."

Mzee hakubisha. Alitembea, akasema. Kaanaeli alimfuata nyuma. Mara ujumbe uliingia. Mteja ametuma picha ya geti. Kaanaeli aliacha kurekodi ili amjibu. Alipomaliza kumjibu, aliona grupu la mpira lina moto. Akaingia humo. Miguu yake iliendelea kumfuata baba yake, na mdomo wake ukaendelea kusema mm, ndiyo, mm.

Walishuka mpaka chini, kwenye mfereji. Mzee Eliasi alisimama pale muda mrefu. Alivua kofia. Alisema maneno. Kaanaeli aliona kwa pembeni ya jicho kwamba kofia imevuliwa. Alidhani ni joto.

Kisha simu ililia. Kaanaeli alipanda juu kidogo kutafuta mtandao. Aliporudi, baba yake hakuwapo. Alimkuta nyumbani amekaa kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Baba, tumemaliza?"

"Mimi nimemaliza," Mzee alisema. "Tangu asubuhi nimezungumza na utosi wako. Uso wako sijauona. Sijui hata kama umefuga ndevu au umenyoa."

Kaanaeli alicheka. Alidhani ni utani wa wazee. Masale yenyewe hakuyarudisha siku hiyo. Alisema atayapanda wiki ijayo.

*

Wiki haikuisha. Simu ililia akiwa karakana. Alikuwa Magdalena, binti wa marehemu Philemoni. Magdalena alikuwa muuguzi wa zahanati, jirani yao kule juu.

"Kaka Kaanaeli, njoo. Baba ameanguka kwenye kahawa. Tunampeleka hospitali."

Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vililegea. Mdomo ulipinda. Mzee Eliasi alilazwa, akatibiwa, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani kwake, majirani wakimhudumia siku za wiki. Hakufa. Watu walisema Mungu ni mwema, na ni kweli.

Lakini maneno yalikuwa yamekwenda. Yote. Alijaribu kusema "maji", alijaribu kusema "Kaanaeli". Kilitoka kitu kimoja tu.

"Mm."

Mwanamume aliyemjibu baba yake "mm" miaka yote, sasa baba yake hakuwa na jibu jingine la kumpa. Evaresta aliposikia mara ya kwanza, alitoka nje, akasimama nyuma ya jiko akalia kwa sauti.

Kaanaeli alikumbuka ile video. Alifungua simu. Aliona nyasi. Aliona viatu vyake mwenyewe. Alisikia, "Hapa tulisimama na Philemoni. Rudia." Alisikia sauti yake akisema haipotei. Baba yake aliongea kidogo kuhusu jiwe la juu, kisha video ikakatika. Ya kule chini haikuwemo. Alitafuta mpaka betri ikaisha. Haikuwemo.

*

Hans, kaka yake Magdalena, alikuwa anajenga. Alitaka ukuta wa mawe mpakani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kwanza kuuliza.

"Kaanaeli, masale yameng'olewa. Nitapitisha wapi ukuta?"

"Subiri kwanza," Kaanaeli alisema. "Kipande cha chini ni chetu. Naona unataka kuingia kwetu."

Kwa nini alisema hivyo? Hakujua mpaka ulipo. Ila mtu asiyejua hukimbilia kukataa. Ikawa maneno, ikawa kelele, ikapelekwa kwa mshili, mkubwa wa ukoo. Mshili alikuwa Mzee Daniel. Aliwaita wote wakae pale pale chini, karibu na mfereji. Mzee Eliasi alibebwa kwenye kiti.

Hans alisimama. "Baba yangu alinileta hapa kabla hajafa. Alinirudisha tena na tena mpaka nikachoka. Alisema mpaka unatoka kwenye jiwe hili la mferejini, unakwenda moja kwa moja mpaka ule mti wa mringaringa. Masale yalikuwa saba. Alinitajia kila moja."

Mzee Daniel alimgeukia Kaanaeli. "Na wewe, baba yako alikuambia nini?"

Kabla Kaanaeli hajafumbua kinywa, simu yake ilitetemeka mfukoni. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Uliingia mfukoni kabla hajaujua. Wazee wote waliuona mkono ule.

"Sikumbuki," alisema.

"Hukumbuki au hukusikia?"

Mshili alimwinamia Mzee Eliasi. "Ndugu yangu, unakubali alivyosema Hans?"

"Mm."

"Au unakataa?"

"Mm. Mm!" Mzee alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea ardhini. Aliupiga piga hewani. Machozi yalimtoka. "Mm!"

Watu waliangalia chini. Hakuna aliyemwelewa. Mwisho Mzee Daniel alisema, "Neno tulilo nalo ni moja, la Hans. Tunalifuata." Walitawanyika. Mzee Eliasi alibebwa akirudi, bado ananyoosha mkono nyuma.

Wiki ile ile mafundi walichimba msingi, wakaanza kupanga mawe.

*

Magdalena alikuja kumpima Mzee presha. Aliwakuta sebuleni. Mzee alikuwa kwenye kiti. Kaanaeli alikuwa kwenye kigoda, simu mkononi.

"Mm," Mzee alisema.

"Mm," Kaanaeli alijibu.

"Mm! Mm!"

"Mm, baba, pole."

Magdalena alisimama mlangoni.

"Kaka, unajua baba amekuambia nini?"

"Anaguna tu, dada. Hali ndiyo hiyo."

"Anaguna? Tazama mguu wake."

Mguu uliolegea ulikuwa umebanwa na ukingo wa meza. Ngozi ilikuwa imechubuka. Kaanaeli aliruka, akaisogeza meza. Alipiga magoti. "Nisamehe, baba. Sikujua."

"Ungejuaje?" Magdalena alisema. Hakuficha hasira. "Hebu nipe hiyo simu."

Aliitoa nje, akaiweka juu ya dirisha la jiko. Akarudi akakaa.

"Sikiliza. Baba yako anaelewa kila kitu. Kilichoharibika ni njia ya kutolea maneno. Hiyo mm unayoidharau si moja. Ipo ya ndiyo, inashuka taratibu, macho yanafumba kidogo. Ipo ya hapana, inakatika, kidevu kinakwenda pembeni. Ipo ya maumivu. Lakini huwezi kuisikia kwa sikio peke yake. Lazima umwangalie usoni. Uliza swali moja, fupi, la ndiyo au hapana. Kisha nyamaza. Subiri. Jaribu sasa."

Kaanaeli alimtazama baba yake. Alishtuka jinsi alivyozeeka. "Baba, unasikia baridi?"

Kaanaeli alitaka kuuliza tena. Magdalena alimkataza kwa mkono. Mkono wa Kaanaeli ulipapasa mfuko mtupu.

"Mm," Mzee alisema. Kidevu kilikwenda pembeni.

"Hasikii baridi," Kaanaeli alisema polepole. Akaanza kulia.

Baadaye, nje, alimuuliza Magdalena, "Dada, mimi nina wazimu? Mkono unakwenda wenyewe."

"Huna wazimu. Vile vitu vimetengenezwa vikuvute. Ukifungua mara hii unakuta kitu kitamu, mara nyingine hukuti kitu. Basi unafungua tena na tena kutafuta. Mwili unazoea, kama mtu wa ugoro."

"Lakini ndiyo kazi yangu. Wateja wananitumia picha."

"Sijasema uitupe mferejini. Nunua kitochi, simu ndogo ya kupigiwa tu, hicho ndicho utembee nacho. Anayekuhitaji kweli atapiga. Hiyo kubwa iache karakana kwenye droo. Waambie wateja unajibu picha asubuhi kabla ya kazi na jioni kabla ya kufunga. Magrupu yasiyo na kazi, toka. Yaliyobaki, zima milio. Video hizo zinazokula muda, futa kabisa hayo mambo kwenye simu, maana ukiyaacha utarudi. Na isilale chumbani. Tafuta saa ya kukuamsha."

"Na nikishindwa?"

"Utashindwa siku za mwanzo. Utaisikia inatetemeka mfukoni na haipo. Utakuwa na hasira bure. Mwambie mkeo akusaidie, na mkono upe kazi. Unaye baba wa kumkanda mkono. Mkande."

*

Alishindwa kweli siku za mwanzo. Alimfokea Evaresta kwa sababu ya chumvi. Alikosa usingizi. Jioni moja aliitoa ile simu karakana kwa siri, akajificha nayo nyuma ya nyumba, karibu na choo. Evelyn alimkuta.

"Baba," mtoto alisema, "umemeza simba?"

Kaanaeli aliipeleka simu karakana usiku ule ule, akampa Evaresta ufunguo wa droo.

Evaresta aliupokea. Hakushangilia.

"Nilidhani siku utakayoniangalia nitafurahi," alisema. "Mbona nina uchungu tu? Miaka yote hii nimeongea na ukuta, Baba Evelyn."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo kaa hapo, nikuambie mambo ya mwaka mzima."

Alikaa. Alisikiliza. Mengine yalimchoma, na hakuwa na mahali pa kukimbilia.

Kazi karakana ilitulia. Hakukosea tena vipimo, wala hakuchomelea bawaba upande usio wake. Wateja walilalamika kidogo, wakazoea. Na kule juu, kila Jumamosi, alimkanda baba yake mkono na kumuuliza maswali. Taratibu alijifunza mm zote. Alijua ya uji wa moto. Alijua ya kuchoka. Alijua ya kumkumbuka mama.

Siku moja alimsogezea kiti karibu na kusema, "Baba, siku ile kwa mshili. Ulikuwa unakataa mpaka wa Hans?"

Alisubiri.

"Mm." Hapana.

"Hans alisema kweli?"

"Mm." Ndiyo.

Kaanaeli aliona aibu ikimpanda. Alikuwa ameugombania mpaka ambao baba yake hakuugombania. "Basi ni lile jambo jingine? La pale chini?"

Mzee alifumba macho. Ndiyo.

Aliuliza mengi. Ni maji? Hapana. Ni kitu kimefukiwa? Mzee alisita, akalia. Kaanaeli alifuta machozi yake, akasubiri, akauliza tena. Ni mtu? Ndiyo. Ni babu? Hapana. Ni mtoto? Ndiyo. Ni mtoto wako, baba?

"Mm."

Jua lilikuwa limesogea sana walipomaliza. Kabla ya Kaanaeli, Mzee Eliasi na mkewe walikuwa na mtoto wa kiume. Alikufa mchanga, hata kubatizwa bado. Walimzika mpakani, karibu na mfereji. Waliojua walikuwa watatu, yeye, mkewe na Philemoni, ambaye hakuwaambia hata wanawe. Isale moja lilikuwa lake. Ndilo Kaanaeli alilong'oa kwa jembe, akicheka na mpira sikioni.

*

Alimshusha baba yake na kiti. Alichukua fimbo, akasimama kwenye ile ardhi.

"Hapa, baba?" Hapana. Alisogea. "Hapa?" Hapana. Alisogea tena, mara huku, mara kule, mpaka kisigino chake kikagonga jiwe la msingi wa Hans. "Hapa?"

"Mm," Mzee alisema, na ilishuka taratibu.

Ilikuwa chini ya ukuta.

Kaanaeli alikwenda kwa Hans na jani la isale mkononi. Alilitoa kwa mikono miwili.

"Sijaja kudai ardhi," alisema. "Ardhi ni yako, baba amekubali. Nimekukosea kwa maneno yangu. Lakini chini ya mawe yako amelala kaka yangu. Nakuomba."

Hans alilitazama lile jani. Magdalena alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni. Hans alilipokea, akaenda kuita mafundi.

Waliondoa mawe upana wa mlango. Kaanaeli alitengeneza geti dogo la chuma, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Likifunguliwa halikutoa sauti. Pembeni alipanda isale upande huu, na Hans akapanda isale upande ule.

Juu ya geti Kaanaeli alichomelea bamba la kuandikia jina. Bamba hilo mpaka leo ni tupu.

Maana maswali ya ndiyo na hapana yanaweza kukupa mengi, lakini jina hayakupi. Kila Jumamosi Kaanaeli hukaa mbele ya baba yake, kitochi chake kimelala kimya mfukoni, na hujaribu. "Aliitwa Aminiel?" Hapana. "Eliakimu?" Hapana. Amemaliza majina ya ukoo. Amemaliza ya Biblia anayoyajua. Evelyn naye humsaidia, huleta majina ya watoto wa shuleni. Na kinachomla Kaanaeli si kwamba hakuambiwa. Ni kwamba pengine aliambiwa. Siku ile kofia ilipovuliwa, pengine jina lilitajwa wazi, pale pale, hatua moja kutoka sikioni mwake. Na pengine alijibu.

Jumamosi iliyopita alisema, "Leo yameniishia, baba. Nitaleta mengine wiki ijayo."

Mzee Eliasi aliinua mkono wake mzima. Aliupeleka taratibu kwenye uso wa mwanawe, akapapasa shavu, akapapasa kidevu.

"Nimenyoa, baba," Kaanaeli alisema. "Asubuhi hii."

"Mm," baba yake alijibu.